Kosa Lisilosamehewa katika Nchi ya Mavumani

Watu wakisikia kwamba niliwahi kukaa Mavumani, huniuliza kwanza njia ya kufika huko. Njia ni ndefu na haina jambo la kusimulia. Nitaanza na kikombe cha chai.

Nilipangisha chumba kwa mama mmoja aitwaye Nasikiwa, mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye vidole vilivyosugulika kama vya mtu anayeponda kokoto. Jioni niliyofika alinikaribisha chai. Ilikuwa ya moto mno, nami nikainua kikombe, nikakunja midomo ili niipulize. Bi Nasikiwa aliruka kutoka kwenye kigoda chake, akaninyang'anya kikombe kwa nguvu hata chai ikatumwagikia miguuni sote wawili.

"Usipulize!" alisema. Kisha akaona haya, akachukua kitambaa na kuanza kupangusa sakafu. "Nisamehe, mgeni wangu. Hapa hatupulizi kitu. Chai tunaingoja ipoe yenyewe."

Nilipotazama huku na huku nikaona kwamba chumba hakikuwa na dirisha. Nilidhani ni umaskini. Kesho yake nilipotembea mjini niliona nyumba za matajiri, za ghorofa, zenye nguzo na vibaraza, nazo pia hazikuwa na dirisha hata moja. Palipokuwa na madirisha zamani palikuwa pamezibwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Nguo zilianikwa ndani, zikanuka uvundo. Mchele na ulezi havikupepetwa. Akina mama walikaa vizingitini wakiokota makapi punje kwa punje, na ndiyo sababu vidole vya Bi Nasikiwa vilikuwa vile. Karibu kila mtu alikuwa anakohoa.

Sababu ya hayo yote nilielezwa mara nyingi, na maelezo yalilingana, kwa hiyo nayaandika bila shaka yoyote. Mfalme wa Mavumani anakaa juu ya mlima ulio kaskazini mwa mji, na hakuna aliye hai aliyemwona. Kila alasiri upepo hushuka kutoka mlimani. Wananchi wanauita Pumzi, kwa sababu wanaamini ni pumzi ya Mfalme mwenyewe, anayoituma ili watu wake waishi na wapate kumkumbuka. Chini ya mlima pana mlango wa mawe, unaofunguliwa siku moja kila mwaka. Anayeupita siku hiyo amesamehewa yote, na huko ndani, wanasema, anakaribishwa mezani kama ndugu. Juu ya mlango yamechongwa maneno ya Mfalme: *Kosa lolote lina msamaha mlangoni kwangu. Anayeikataa Pumzi yangu hana.*

Maneno ya kwanza hayakumsumbua mtu. Ya pili yamewakosesha usingizi tangu enzi za mababu. Kuikataa Pumzi ni kufanya nini? Wataalamu wa zamani walianza kwa kuuliza kama mtu anayefunga dirisha lake wakati Pumzi inavuma ameikataa. Wengine walisema ndiyo, wengine walisema inategemea kama kuna mvua. Mwishowe ikaamuliwa kwamba ni salama zaidi mtu kutokuwa na dirisha kabisa kuliko kuwa na dirisha ambalo siku moja angeweza kulifunga. Hoja hiyo haikupata mpinzani, na waashi wakapata kazi. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kuendelea. Kupepeta kulipigwa marufuku kwa sababu kunaibebesha Pumzi makapi. Kupuliza moto, chai au kidonda cha mtoto kulipigwa marufuku kwa sababu ni kujifanya Mfalme. Kupiga mluzi kulihesabiwa kuwa dhihaka.

Hili la mluzi nililijua kwa njia mbaya. Nina tabia ya kupiga mluzi nikitembea, na siku ile ile niliitwa kwenye Idara ya Tahadhari, iliyosimamia marufuku hizo zote.

Mkuu wa Idara aliitwa Mheshimiwa Yothamu. Nilitegemea kumkuta mtu mkali. Nilimkuta mtu mwembamba, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, aliyenivutia kiti yeye mwenyewe. Pembeni mwake wasaidizi wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, walikuwa katikati ya mjadala, naye akaniomba radhi ningoje umalizike.

Walijadili kikohozi. Yule mfupi alisema kikohozi ni Pumzi iliyoingia kifuani ikafukuzwa kwa nguvu, na kwa hiyo ni kuikataa. Yule mrefu alisema kikohozi hutoka kifuani wala si moyoni, na kifua hakina nia.

"Na aliyekohoa akiwa amekasirika?" aliuliza mfupi.

"Huyo ni wa kuchunguzwa," alikubali mrefu.

Hawakufika mwisho, kwa sababu wote wawili walishikwa na kikohozi, wakatoka nje kwa mashaka makubwa.

Kabla sijahojiwa, aliingia bwana mmoja mnene, akaeleza kwa sauti ya juu kwamba alikuwa amelipora shamba la watoto wa marehemu kaka yake, na kwamba watoto wenyewe sasa wanaombaomba sokoni. Alitaka kujua kama jambo hilo lingemzuia Siku ya Mlango.

"Hilo lina msamaha," alisema Yothamu. "Uliwahi kupuliza kitu chochote tangu mwaka jana?"

"Sijathubutu, Mheshimiwa."

"Basi nenda kwa amani."

Bwana yule akaenda kwa amani, na shamba akabaki nalo.

Kesi yangu haikuchukua muda. Yothamu alisema mgeni hana sehemu katika Pumzi, kwa hiyo hana namna ya kuikataa, ila akaniomba nisipige mluzi tena kwa heshima ya majirani. Nikakubali. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuongea naye, nikamuuliza kama haoni kwamba watu wake wanaugua kwa kukosa hewa.

"Naona," alisema. "Dada yangu mwenyewe, Yemima, kifua kinambana. Unadhani siumii?" Akakisogeza kiti chake karibu nami. "Bwana mgeni, baba yangu alikuwa mtu mwema. Alikufa akilia kitandani kwa sababu hakujua kama alikuwa amelitenda kosa lile au hakulitenda. Tulikaa naye, hatukuwa na la kumwambia. Niliapa siku hiyo kwamba hakuna mtu wa nchi hii atakayekufa tena na shaka ile. Ndiyo maana tumeweka mpaka kwa kila jambo. Ukikaa ndani ya mipaka, huna haja ya kuogopa."

"Na wewe huogopi?"

"Mimi?" Alionekana kushangaa kwamba swali hilo lingeweza kuulizwa. "Mimi sijavuka mpaka hata mmoja."

Nilirudi kwa Bi Nasikiwa, nikamkuta akifunga chakula katika jani la mgomba. Nilimuuliza anampelekea nani. Akaniangalia kama anayepima uzito wa mtu.

"Mume wangu," alisema. "Twende, kama hujali kuonekana."

Nje ya ukuta wa mji palikuwa na uwanja mpana wa udongo mgumu, ambapo zamani watu walipepetea nafaka. Idara ilikuwa imeufanya makao ya wale waliohukumiwa kwamba wamelitenda kosa lile. Waliopelekwa pale zamani walikuwa wamekufa au wamehamia nchi nyingine. Alibaki mtu mmoja, Lameki, aliyekuwa mpepetaji hodari kuliko wote kabla ya marufuku. Tulimkuta ameketi chini, uso kuelekea mlimani. Sheria iliruhusu apewe chakula lakini ilikataza mtu kumtaja kwa jina.

"Baba Tito," aliita Bi Nasikiwa, "chakula hiki hapa."

Nilimuuliza baadaye kama hakuogopa kuvunja sheria. Alijibu, "Walikataza jina lake. Baba Tito si jina. Ni baba yake Tito."

Lameki alikula kwanza, polepole, ndipo akakubali kuongea nami. Alisimulia habari yake kama mtu aliyeisimulia mara nyingi akiwa peke yake.

"Tito alikuwa mtoto wetu, hatukuwa na mwingine. Alishikwa na kifua. Nyumba ilikuwa imeshazibwa, hewa hakuna. Nikambeba nikamleta hapa uwanjani, nikampakata, nikaiomba Pumzi ije. Kila alasiri ilikuwa inakuja, mgeni wangu. Siku ile haikuja. Niliomba mpaka sauti ikanikauka. Ilipokuja, mtoto alikuwa ameshapoa mikononi mwangu." Alifuta mikono yake kwenye magoti, kama ina kitu. "Nikasimama, nikaitukana. Nikasema, hii si Pumzi, hii ni hewa ya shimoni. Nilipiga kelele. Mji mzima ulisikia."

"Ulisema ukiwa umembeba mtoto," alisema mke wake.

"Nilisema, Mama Tito."

Nikamuuliza, "Na sasa unaamini inatoka wapi?"

"Kwa Mfalme," alijibu bila kusita. "Ingekuwa naamini inatoka shimoni, ningelala usingizi vizuri. Nakaa hapa kila alasiri niisikie usoni. Inanipita. Najua si yangu tena, lakini napenda kuisikia."

"Uliwahi kwenda mlangoni?"

"Kufanya nini? Hata wewe mgeni umekwisha kulijua kosa langu. Mfalme atakosaje kulijua?"

Alasiri ile Pumzi ilipokuja niliiona ikipeperusha nywele zake nyeupe. Alifumba macho. Sijaona mtu aliyelipenda jambo lolote namna ile na wakati huohuo akaamini limemkataa. Bi Nasikiwa alisimama nyuma yake, akiwa ameshika lile jani tupu.

Siku ya Mlango ilikuwa inakaribia, na mji ulikuwa unazidi kuwa kimya, kila mtu akiogopa kuharibu mambo dakika za mwisho. Mchana mmoja Bi Nasikiwa aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alikuwa katika nyumba ya jirani, na jirani huyo alikuwa Yemima, dada yake Mheshimiwa Yothamu. Nilimkuta Yemima ameketi sakafuni, mikono ameiegemeza mbele, mabega yanapanda na kushuka, midomo imegeuka rangi ya majivu. Mganga aliyetumwa na Idara alikuwa amesimama mlangoni akiagiza mlango ufungwe, mgonjwa asije akavuta Pumzi na kuikohoa.

"Shika miguu," aliniambia Bi Nasikiwa.

"Tunampeleka wapi?"

"Penye hewa."

Tulimweka kwenye mkeka, tukambeba. Mganga alitufuata mpaka mwisho wa mtaa akitutajia vifungu vya sheria, kisha alipoona tunaelekea wapi akasimama. Hakuna aliyetufuata zaidi ya hapo.

Lameki alipotuona alinyanyuka akarudi nyuma, mikono mbele kama anayezuia mnyama.

"Msimlete hapa! Mama Tito, mtamharibia! Si mnajua mimi ni nani?"

"Najua wewe ni nani. Huyu mama anakufa. Mimi sina nguvu za kumwinua, na mgeni hajui. Wewe unajua namna ya kumpakata mtu asiyepata hewa."

Nadhani ni neno lile la mwisho lililomshinda. Alikuja, akaketi, akamwegemeza Yemima kifuani mwake akiwa wima, uso kuelekea mlimani, na mikono yake ikakumbuka kazi yake. Haukuwa bado wakati wa Pumzi. Jua lilikuwa kali, na hewa ilikuwa imesimama. Yemima alikuwa anavuta kwa mlio mwembamba kama wa mlango uliokauka. Lameki akaongea kwa sauti ndogo, akiuangalia mlima.

"Njoo," alisema. "Usije kwangu. Njoo kwa huyu."

Mimi ni mtu wa kuandika nilichokiona. Vumbi la uwanjani liliinuka kidogo, likalala, likainuka tena. Kisha Pumzi ikaja, nyingi, yenye ubaridi, mapema kuliko kawaida yake. Kitambaa cha kichwani cha Bi Nasikiwa kiliruka. Yemima alivuta hewa moja ndefu iliyonifanya na mimi nivute. Akavuta ya pili. Rangi ilianza kumrudia midomoni, kisha mashavuni, na baada ya muda alifumbua macho, akauliza kwa nini mzee huyu analia.

Alikataa kurudi katika nyumba isiyo na dirisha. Alikaa uwanjani, na Bi Nasikiwa akakaa naye. Idara ilimtuma mtu ambaye hakuthubutu kukanyaga pale. Alisimama mbali akauliza kwa kelele kama mgonjwa ameshafariki. Yemima alimjibu mwenyewe kwamba hajafariki, ila ana njaa.

Siku ya Mlango ilipofika, wakaazi wote wa mji walikwenda chini ya mlima wakiwa wamevaa nguo zao nzuri zenye harufu ya uvundo. Mlango ulikuwa wazi. Idara ilikuwa imepanga meza zake mbele ya mlango, kama ilivyofanya miaka yote, na hakuna aliyefika mlangoni kabla ya kuhojiwa mezani. Bwana mnene wa shamba alikuwa wa mbele kabisa. Alikuwa karibu kuruhusiwa watu walipoanza kunong'ona na kupisha njia.

Yemima alikuwa anakuja kwa miguu yake. Upande mmoja alikuwa Bi Nasikiwa, na upande wa pili, akivutwa zaidi kuliko kutembea, alikuwa Lameki. Mimi nilikuwa nyuma yao.

Yothamu aliinuka. Kwa kitambo kidogo niliona uso wa kaka tu, hakuna kingine. Alinyoosha mikono, akasema, "Yemima, dada yangu. Unatembea!"

"Natembea, kaka. Napumua. Hebu sikia." Akavuta hewa, akaitoa, akacheka kama msichana. "Nilikuwa nakufa. Huyu mzee alinipakata, akaita, Pumzi ikaja. Niliisikia ikiingia mpaka chini kabisa ya kifua. Kaka, tumefanya nini na zile nyumba? Tuzibomoe zile kuta!"

Nilimwona Yothamu akimtazama dada yake, kisha akamtazama Lameki, kisha akatazama mji chini kule, na kuta zote nyeupe ambazo yeye na waliomtangulia walizijenga. Mikono yake ilishuka.

"Aliita nani?" aliuliza.

"Yeye. Baba Tito."

"Pumzi ya Mfalme haiwezi kuja kwa kuitwa na mtu huyu. Hilo haliwezekani." Alikuwa anasema polepole, kama anayepanga mawe. "Umepona, nami nimefurahi. Lakini kilichokuponya si Pumzi. Ni hewa ya shimoni."

Yule msaidizi mrefu aliweka kalamu yake chini.

"Mheshimiwa," alisema, "maneno hayo ndiyo tuliyomhukumia mtu huyu."

Ikawa kama mtu ametupa jiwe majini. Maneno yale yalienda mpaka nyuma kabisa ya umati, na kelele zikarudi kutoka nyuma. Bwana wa shamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba Mheshimiwa naye apelekwe uwanjani, sheria ni msumeno. Wengine wakaitikia. Wapo waliokuwa wanacheka.

"Nyamazeni!" alisema Yothamu. "Yeye alisema kwa matusi. Mimi nimesema kwa mujibu wa kazi yangu. Yeye alikuwa amechanganyikiwa, mimi nimepima kila neno. Hamwezi kutulinganisha."

"Hapo umesema kweli," alijibu Bi Nasikiwa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya meza. "Naomba mnipishe kidogo."

Alikuwa bawabu wa Mfalme. Alikuwa ameketi pale kizingitini wakati wote, mtu wa umri wa kati, mwenye nguo za kawaida kabisa, na kwa kuwa Idara ilisimama mbele yake, watu walizoea kumpita bila kumtazama, wakiwa tayari wameshajibu yote mezani. Wasaidizi walisogeza meza. Wengi waliniambia baadaye kwamba hawakujua kama huwa anaongea.

Alimwangalia Lameki. "Unataka kuingia?"

Lameki alipiga magoti. "Bwana, mimi niliitukana Pumzi. Nilisema—"

"Nimekuuliza kama unataka kuingia."

"Kosa langu ni lile. Lile lililochongwa hapo juu yako."

"Maneno hayo nayajua. Nimekaa chini yake miaka mingi. Unataka kuingia?"

Lameki alimgeukia mke wake, kama mtu anayetafuta tafsiri. Bi Nasikiwa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mzee akageuka tena.

"Hakuna kitu kingine ninachokitaka," alisema. "Tangu siku ile, hakuna."

"Basi pita. Chakula kinapoa."

Lameki hakuweza kusimama peke yake. Bi Nasikiwa na Yemima walimwinua, wakapita naye katikati yao. Hakuna ngurumo iliyosikika. Baada yao watu walianza kwenda mlangoni bila kupita mezani, kwanza mmoja mmoja kwa woga, kisha kwa makundi. Bawabu alimuuliza kila mmoja swali lilelile. Bwana wa shamba alipoulizwa alisema anataka, kisha akasimama pale akijikuna shingo, akageuka, akashuka mbio kuelekea sokoni kuwatafuta watoto wa kaka yake. Hakuna aliyekuwa amemwagiza. Msaidizi mrefu na msaidizi mfupi waliingia wakiwa wameshikana mikono, na yule mfupi alikohoa kizingitini, akashtuka, kisha akaona kwamba bawabu anamngoja amalize.

Mimi nami niliulizwa, nilipokaribia. Jibu langu ni langu.

Mwishowe alibaki Yothamu, ameketi nyuma ya meza yake, mgongo kwa mlango. Bawabu alizunguka akasimama mbele yake.

"Unataka kuingia?"

"Kwanza nieleze yule mtu amepitaje."

"Nimekuuliza wewe kama unataka kuingia."

"Nimekaa hapa maisha yangu yote nikiulinda mlango huu," alisema Yothamu. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Sikupuliza chai. Sikufungua dirisha. Baba yangu alikufa kwa hofu ya mlango huu. Leo mtu aliyepiga kelele mbele ya mji mzima anapita, na mimi naulizwa kama mgeni. Kama yeye ameingia kwa mlango huo, basi huo si mlango ninaoujua mimi."

"Baba yako hakuwahi kuulizwa," alisema bawabu taratibu. "Palikuwa na meza. Wewe nakuuliza."

Yemima alirudi kutoka ndani, akasimama kizingitini, akanyoosha mkono. "Kaka. Njoo bwana. Kuna nafasi karibu yangu." Alinyoosha mkono mpaka ukaanza kutetemeka kwa kuchoka, akaubadilisha akanyoosha mwingine. Yothamu alikuwa anakusanya kalamu zake mezani, akizipanga, akizipangua.

Nililazimika kuondoka siku hiyohiyo. Jua lilikuwa limeinama, na muda uliozoeleka wa kufunga mlango ulikuwa umepita. Mzee mmoja wa mji, aliyekuwa anashuka kwenda kumchukua mkewe mgonjwa, alimuuliza bawabu kama hajasahau.

"Sijasahau," alisema bawabu. Alikuwa amekivuta kigoda chake, ameketi karibu na meza, mkabala na Yothamu, kama mtu asiye na safari. "Kuna mmoja hajanijibu."